Sindano Niliyomkatalia Mwonja Chai

Juzi nilitia chumvi badala ya sukari kwenye chai ya mume wangu. Akainywa yote.

"Asante mama watoto. Leo umeipatia."

Nilipoonja yangu ndipo nikajua. Nikakimbilia jikoni kulia.

Jamani, huyu mtu ni mwonja chai! Miaka kumi na tisa kiwandani. Anavuta funda kwa kelele, anatema kwenye ndoo, anakwambia majani haya yalilowa mvua. Ulimi wake ndio uliosomesha watoto. Nyumbani alikuwa kero: "Maji haya hayakuchemka sawasawa." Natamani anikere tena.

Alipata saratani ya koo. Daktari akaagiza mionzi, na kila siku kabla ya mionzi, sindano ya kulinda tezi za mate, mdomo usikauke.

Mimi na ujuaji wangu nikawaza: dawa inayolinda mwili si italinda na uvimbe? Sikuuliza mtu. Siku ya nne, yeye yuko ndani anabadili nguo, nikamvuta nesi pembeni.

"Dada, ile sindano inamtapisha mno. Hata kusimama hawezi."

Uongo mtupu. Alikuwa na kichefuchefu kidogo tu.

Wakaisitisha.

Saratani ilitoka, nashukuru. Lakini mate yamekauka na ladha imekwenda. Kiwandani wamemhamishia kwenye kushona magunia.

Mwezi uliopita ndipo nikamuuliza daktari, maji yameshamwagika. Akasema hofu yangu walishaipima kabla ya kuandika ile dawa, wakaona hailindi uvimbe. Ningeuliza mapema, yangekuwa mazungumzo ya dakika tano.

Basi juzi nikarudi sebuleni, nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Akalowesha mdomo kwa maji.

"Nilijua. Nesi alikuja kuniuliza kama natapika kweli. Nikasema ndiyo."

"Kwa nini, baba watoto?"

"Nilidhani daktari amekunong'oneza kwamba sifiki mbali, sindano zinapotea bure. Sikutaka ulie mbele ya watu. Nikawa nasubiri kufa."

Wiki sita za mionzi! Kitanda kimoja, kila mtu kageukia ukuta wake.

Ndugu zangu, ukiwa na hofu hospitalini, mwambie daktari, hata kama unaiona ya kijinga. Mimi nilinyamaza kwa kumpenda, naye akanyamaza kwa kunipenda, na mapenzi yote hayo hayajamrudishia hata tone moja la mate.