Siku Niliyosailiwa na Ng'ombe

Hapa mtaani kwetu Ujiji ukiuliza nyumba ya kina Zuwena watakuuliza Zuwena yupi, ukisema yule aliyesoma chuo bado watakutazama tu, lakini ukisema Bibi Mifugo hata kuku watakuonyesha njia. Bibi Mifugo ni mimi. Sijawahi kufuga hata bata. Nina shahada ya elimu ya jamii, na jina hilo nililipata kwa siku moja tu, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo acheni niwasimulie kabla hamjasimuliwa na jirani yetu Mama Riziki, maana yeye huongeza chumvi na ana sababu ya kuongeza (mtaiona).

Kilichoniponza ni gemu. Tena si moja, ni rundo. Tangu mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa nazikusanya kwenye kompyuta yangu kila zinaposhushwa bei, nyingine napewa na watu, nyingine hata sikumbuki zilifikaje, na zote nikazipanga kama vyombo vya wageni kabatini ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvilia chakula. Nilisema nitacheza mitihani ikiisha. Mitihani ikaisha, nikasema nitacheza nikimaliza chuo. Chuo nikamaliza, nikasema nikipata kazi. Na ikitokea nimefungua moja, naicheza kwa pupa, naruka maneno bila kuyasoma, jicho moja kwenye saa, kama mtu anayekula daku huku anasikia mwadhini anakohoa. Nilijiuliza sana (ndio ugonjwa wangu, kujiuliza): aliyeajiriwa ana likizo, mwanafunzi ana likizo, hata shetani tunaambiwa hupumzishwa Ramadhani, sasa asiye na kazi likizo yake ni lini?

Ndani ya rundo hilo kulikuwa na gemu moja ambayo sikuwahi kuigusa kabisa, na hiyo ilikuwa ya Espe.

Espe, Esperansi kwa jina kamili, alikuwa rafiki yangu wa sekondari, mtoto wa familia ya Warundi waliokuwa wamepanga Bangwe. Tulikutana kwenye banda la gemu, wasichana wawili peke yetu katikati ya wavulana, na kwa kuwa tulikuwa wasichana mwenye banda alitupa zamu ya mwisho na kutuondoa wa kwanza, "muda umeisha, dada zangu," kwa hiyo miaka yote ile hatukuwahi kuufikia mwisho wa mchezo wowote. Na hata hiyo zamu ndogo Espe hakuikimbiza. Alikuwa anamtembeza mtu wake kwenye kioo polepole, anasimama kutazama maua, wavulana wanatupigia miluzi kwamba tunamaliza umeme wa watu, na yeye ananiambia kwa Kirundi chake, "Buhoro buhoro, sha. Polepole. Tunakimbilia wapi?" Alikuwa na ndoto kwamba tutapata kompyuta yetu wenyewe, tucheze ile gemu ya kulima na kuvua, isiyo na adui wala saa, mpaka tuchoke kwa hiari yetu.

Kompyuta nikaja kuipata mimi, nikiwa chuo. Likizo moja nikamwachia, akaicheza gemu hiyo peke yake, na aliponirudishia akasema, "Usianze upya. Endelea nilipoishia." Nikasema sawa. Kabla sijaifungua familia yao ikarudi Burundi, wakapitia Kagunga, mpakani, kwa boti mimi nikiwa kwenye mitihani, na namba yake ya simu ikawa haipatikani, haipatikani mpaka leo. Burundi si mbali. Ziwa ni hilihili, maboti ya Kagunga yanakuja pwani yetu ya Kibirizi na kurudi kama watu wanaokwenda msalani, lakini kijiji chao sikukijua, na kila nilipotaka kufungua ile gemu niliona kama nikiimaliza nitakuwa nimemmaliza na yeye. Ikakaa.

Sasa Ijumaa moja jioni Mama akaniambia kesho alfajiri twende Kibirizi kuchukua dagaa (Mama anauza dagaa, na mimi ndiye mbebaji wake mwenye shahada). Siku hiyo nilikuwa nimepokea barua pepe nyingine ya kunishukuru kwa kuomba kazi na kunitakia kila la heri huko niendako, na ghafla nikamkumbuka Espe, nikatamani siku moja tu, moja, ya kukaa chini nicheze bila mtu kuniambia inuka. Ningeweza kusema hivyohivyo. Badala yake nikasema, "Kesho siwezi, Mama. Nina intavyuu."

Akauliza wapi, nikasema hapahapa chumbani, ya kwenye kompyuta. Akauliza mpaka saa ngapi, nikasema inaweza kuchukua siku nzima, ina hatua. Mama akaweka mwiko chini, akanitazama mpaka macho yakamlegea, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini sana. Hapo ningeweza kurudi nyuma. Sikurudi.

Asubuhi nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikafungua gemu ya Espe. Na jamani, siku ilikuwa tulivu ajabu. Fundi wa madirisha wa ng'ambo ya barabara, ambaye mashine yake hutuamsha hata Idi, alikuwa kimya. Redio ya jirani kimya. Nikadhani ni bahati.

Espe alikuwa amelima. Mahindi mistari mistari, mihogo ya kubuni (gemu haina mihogo, alipanda mmea mwingine akauwekea kibao cha kuuita muhogo), na zizi la ng'ombe kila mmoja na jina lake. Nikaanza kumwagilia, shina moja baada ya jingine, nikisoma kila neno, nikisimama kutazama jua la kwenye kioo linavyopanda. Nilipomgusa ng'ombe mnene kuliko wote, jina lake likatokea kwa herufi kubwa: MAMA RIZIKI. Ikabidi nizibe mdomo. Ni Mama Riziki huyuhuyu wetu, aliyekuwa akitufuata mpaka banda la gemu na kwenda kutushtaki kwa mama zetu, na sasa yuko hapa anakula majani kwa amri yangu. Nikamlisha tena. Akalia, mooo, na spika za kompyuta yangu hazina siri.

Ndipo nikasikia mnong'ono nje ya mlango. Sauti ya Mama: "Mbona kama ng'ombe?" Na sauti ya Bi Shemsa, bibi anayesomesha watoto Kurani hapa mtaani, ikamjibu kwa utulivu wa mtu anayejua mambo ya serikali: "Kazi za mifugo hizo. Wanamjaribu kama ataogopa."

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Ukumbi wote mkeka, mkeka wote wanawake, viatu vimejaa mlangoni kama kuna hitima. Mama hakwenda Kibirizi. Alikuwa amekaa kizingitini mwangu tangu alfajiri, tasbihi mkononi, akiwanyamazisha watu, na ndiye aliyemwomba fundi azime mashine, na nilipochungulia dirishani fundi wa watu alikuwa amekaa juu ya mabomba yake mikono mapajani, akingoja nipate kazi. Walikuwa wananisomea dua. Dua ya kweli, ya kutoka moyoni, kwa ajili yangu na ng'ombe.

Hapo mtu mwenye akili angetoka akakiri. Mimi nikafikiri (na elimu ya jamii inafundisha kufikiri, haifundishi kuacha) kwamba nikitoka sasa nitawavunja moyo, heri nikae muda wa heshima, kisha niseme watanijulisha. Tatizo la pili lilikuwa choo. Choo chetu kiko uani, njia ni kupita katikati ya mkeka, na nani anatoka kwenye intavyuu akimbilie chooni? Basi nikabana miguu, nikarudi shambani.

Nikamtembeza mtu wangu mpaka ufukweni, maana gemu hiyo ina ziwa. Kule Espe alikuwa amejenga nyumba mbili zinazotazamana na maji. Ya kwanza ina jina lake mlangoni. Ya pili ina jina langu. Nikaingia. Kulikuwa na kitanda, meza, taa, na ukutani kibao, na kwenye kibao Espe alikuwa ameandika, "Hapa hakuna mtu wa kukwambia muda umeisha."

 Alikuwa amekaa likizo nzima ananijengea nyumba, na mimi nikaiacha imefungwa miaka yote hiyo kwa sababu nilikuwa na mambo ya haraka, na hayo mambo ya haraka leo ukiniuliza ni yapi siyakumbuki hata moja. Nikatoka nje ya ile nyumba, nikamkuta ng'ombe mnene amesimama mlangoni (kumbe sikufunga zizi), nikamgusa ili tu niwe na kitu cha kugusa, na nikalia. Nilianza kwa kwikwi. Halafu nikalia kweli, kwa sauti, nikasahau kuna mkeka nje.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Mama, nyuma yake Bi Shemsa, nyuma ya Bi Shemsa Mama Riziki, nyuma yake mkeka mzima. Mama hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akajifunga upande wa kanga vizuri kama mtu aliye mbele ya hakimu, akainama.

"Samahani, wakubwa zangu," akasema. "Mimi ndiye mama yake. Huyu mtoto ameomba kazi mpaka amechoka, hasemi, ila mimi namsikia anavyogeuka kitandani. Kama hamumtaki mwambieni. Lakini msimlize."

Ng'ombe akamjibu, mooo.

 Mama akabaki ameinama vilevile, akingoja mkubwa mwingine aseme. Ni Mama Riziki aliyesogea, akavaa miwani yake taratibu, akasoma herufi moja moja.

"Zuwena," akasema. "Mbona huyu ng'ombe ana jina langu?"

Nikaeleza. Nilieleza yote nimesimama katikati ya chumba changu, kamasi zinanitoka, kwamba hakuna intavyuu, kwamba ni gemu, kwamba ni ya Espe, kwamba jina la ng'ombe alilitoa Espe (ndiyo, nilimsukumia mtu ambaye hayupo). Fundi akapaza sauti kutoka barabarani kuuliza kama nimepata, na Mama Riziki akamjibu kupitia dirishani, "Amepata ng'ombe." Kicheko kilianzia kwa fundi, kikaingia ndani, kikamaliza mkeka. Bi Shemsa peke yake hakucheka. Alikusanya juzuu zake akasema dua haipotei, itajua yenyewe inakokwenda. Na Mama Riziki, akiwa ameshafika mlangoni, akageuka akatazama kioo mara ya mwisho: "Angalau amenona." Nikawapita wote mbio kwenda chooni, na hilo nalo wanalisimulia.

Niliporudi Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu peke yake, anaitazama gemu. Nilijiandaa kwa maneno. Akauliza ni nani aliyejenga hizo nyumba.

"Espe."

"Yule wa Bangwe? Aliyekuwa anakula migebuka yangu ya mawese mpaka miiba?"

"Ndiye."

 Mashine ya fundi ikaanza tena kule nje. "Ungesema umemkumbuka mwenzio," akasema, "mimi ningekuburuta Kibirizi?"

 Akaniambia nimwonyeshe ndani. Nikamwonyesha nyumba yangu, kitanda, taa, nikamsomea kibao. Akataka aone na ya Espe. Tukaingia. Ilikuwa tupu. Hakujiwekea hata mkeka. Mama akazitazama kuta zile, akasema, "Kakujengea wewe kwanza."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kibirizi bila kuambiwa. Tulipomaliza kuchagua dagaa Mama akanishika mkono mpaka kwa mama mmoja mchuuzi wa Kagunga, anayevuka mara kwa mara kwenda upande wa Burundi, akamweleza habari za familia iliyokuwa Bangwe yenye binti Esperansi. Yule mama akasema anakutana na watu wengi, ataulizia, na akiipata amwambie binti nini. Wapagazi wamesimama wanasikiliza, wanunuzi wanasikiliza, na mimi niliyekuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima nikajikuta nasema, "Mwambie ng'ombe wake wamekula. Na sijaanza upya."

Akaniuliza ni ng'ombe wangapi. Mpagazi mmoja akasema, "Huyu ndiye Bibi Mifugo mwenyewe," na pwani nzima ikapata pa kucheka.

Basi nimeapa: sitamwambia tena mama yangu nina intavyuu kama sina. Siku hizi nikitaka kucheza nasema, Mama, leo nacheza, naye anajibu dagaa kwanza, na dagaa wakishaanikwa naingia chumbani mlango wazi. Rundo langu bado liko palepale, halijapungua hata gemu moja. Namwagilia, nalisha, na ile nyumba tupu nimeiwekea kitanda na taa. Jibu kutoka Kagunga halijaja. Taa naiacha inawaka.