Chupa Isiyofunguliwa

Mwenzangu alikuwa na mikono mitulivu, na mikono hiyo ndiyo niliyoanza kuionea kijicho.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Sote wawili tulikuwa wanafunzi wa elimu ya dawa chuo kikuu, yeye binti wa Rabai, mimi wa Mambrui. Likizo ile mwalimu wetu alituweka Kilifi, katika chumba alichoazimwa nyuma ya zahanati, tuchunguze mzizi ambao wanawake wa kwetu huuchemsha kwa tumbo la kusokota. Unafanya nini hasa mwilini?

Mzizi niliuleta mimi. Mama aliuchimba mwenyewe, akaukausha, akanifungia katika leso. Lakini mwalimu alipogawa kazi aliniambia, "Wewe utatunza sungura na kutwanga mzizi. Mwenzako atashika vipimo."

"Kwa nini yeye, Mwalimu?"

"Mikono yako ina haraka."

Nikaitikia sawa. Haikuwa sawa hata kidogo.

Basi nikawa natwanga huku namtazama. Alikata kipande cha utumbo wa sungura, urefu wa kidole, akakitundika kwa uzi ndani ya gilasi ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Uzi wa juu ulifungwa kwenye kijiti chepesi, ncha yake ikigusa karatasi iliyopakwa masizi, nayo karatasi ikizunguka polepole. Akidondosha dawa ya kukaza msuli, utumbo hujikunja na kijiti huchora mlima mweupe katika ule weusi. Vipokezi vyenyewe, vile vijisehemu vya seli vinavyoshikana na dawa kisha vikapeleka ujumbe ndani, hatukuweza kuviona. Tuliijua kazi yao kwa milima hiyo tu.

Jumatatu moja maji ya chumvi yalikwisha, akatengeneza mengine. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya rafu. Nikaiona chupa ya kalsiamu, mpya, lakiri yake haijaguswa. Alikuwa ameisahau. Bila kalsiamu, hata kipokezi kikipata dawa, ujumbe haufiki na msuli haukazi. Nililijua hilo vizuri kama jina langu.

Nikanyamaza.

Aliosha utumbo kwa maji yale mapya, akatia maji ya mzizi, kisha dawa. Kijiti kikachora mstari mnyoofu. Akaosha, akajaribu tena. Mstari uleule.

"Umefunga!" alipiga kelele. "Mzizi umefunga vipokezi vyote, hata kuoshwa hautoki!" Akanikumbatia. "Na ni mzizi wa mamako, shoga. Tutaandika sote wawili."

Mbona hakuringa? Angeringa ningepumua. Nikawa nahesabu siku tu: Alhamisi mwalimu angekuja, angeuliza maswali mawili, na mikono ile mitulivu ingetetemeka mbele ya macho yangu.

Alhamisi ikafika. Mwalimu alipoinamia karatasi, mwenzangu aliiwekea kiganja.

"Mwalimu, hii usiitazame. Ni ya uongo. Jana usiku nilirudia peke yangu bila mzizi, utumbo ukakataa vilevile. Nilisahau kalsiamu; chupa nimeikuta na lakiri yake. Kosa ni langu."

Mwalimu alivua miwani. "Nina wenzangu wenye vyeo," alisema, "ambao wasingeniambia hivi." Na palepale akamwambia atamwandikia barua ya kumwombea nafasi ya masomo ng'ambo.

Kosa nililolingoja limwangushe ndilo lililompandisha.

Mwalimu alipoondoka, mwenzangu akanifuata uani kwenye vibanda vya sungura.

"Siku ile ulisimama kwenye rafu. Chupa uliiona?"

Ningeweza kukana. "Niliiona."

"Siku ileile?"

"Ileile."

"Mimi ungeniacha niaibike, sawa. Lakini ungeacha uandikwe uongo juu ya mzizi wa mamako?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Siku tatu nzima nilimwona yeye peke yake; mama hakunipitia akilini.

Tulirudia kila kitu, na safari hii maji niliyapima mimi, yeye akisoma orodha kwa sauti. Milima ilipungua kimo, haikufutika. Mzizi ulikuwa na kazi, ila kazi ndogo kuliko tulivyotamani. Katika ripoti jina lake lilitangulia, langu likafuata, ingawa kwa haki angeweza kuliondoa.

Alipoitwa ng'ambo nilivuka naye kwa feri hadi Mnarani, apande basi la Mombasa. Nilimbebea begi. Alinishika mkono, akasema, "Msalimie mama." Nikamtakia kheri kwa mdomo. Moyo ulichukua miaka kuufuata mdomo huo, na zipo siku, nikisikia kazi zake zinasifiwa, ambapo bado unabaki nyuma.