Jirani wa Kwanza Hushika Kichwani

Fundi majeneza wa kijiji chetu ana mikono inayonuka vanishi, na kila akishika ubao huupapasa kwanza kwa kidole gumba, kama anayepima homa ya mtoto. Siku hizi kidole hicho hushinda kwenye simu. Anaandika "mazishi" na jina la kijiji, kisha anasukuma chini, chini zaidi, akijitafuta. Juu kabisa wako wenye kampuni za mazishi za mjini, wenye matangazo kwenye televisheni. "Si kwamba wanazika vizuri kukuzidi, mjomba," mpwa wake alimweleza. "Tovuti nyingi zinawataja, na jina lao kila mtu analijua. Mashine ikiona penye watu, inapeleka watu wengine hapohapo." "Kumbe kama nzi," akajibu, akaendelea kupiga randa.

Juzi Geesje, anayepakana ukuta na fundi, alifiwa na mama yake. Gari jeusi la kampuni ya mjini likapita mbele ya karakana ya fundi. "Nisamehe, jirani," Geesje alilia. "Niliandika 'mazishi' kwenye simu, nikabonyeza wa kwanza." Kwetu jeneza hubebwa na majirani, na wa karibu zaidi hushika upande wa kichwa. Fundi akavaa koti lake jeusi, akashika hapo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaona kidole gumba kikiupapasa ubao ule wa kiwandani, kikakwama kwenye kiungo cha mbao kilichoanza kuachia. Akakibana kiungo hicho kwa kiganja mpaka tulipomshusha mama yake Geesje kaburini.