Siku Tulipochagua Viti vya Kioo

Mimi na dada yangu tunakodisha viti hapa Kasongo, kwa harusi, matanga na sikukuu za shule. Kwa miaka mingi tulikuwa na vile vyeupe vya plastiki tu. Halafu binti mmoja aliyekaribia kuolewa akatuonyesha picha kwenye simu: ukumbi mzima wa viti vinavyopitisha mwanga kama maji ya chupa.

"Miye nataka hivi," akasema.

Mfanyabiashara mmoja sokoni alikuwa na aina mbili za viti hivyo, vya plastiki lakini watu huviita vya kioo. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa. Akaturuhusu kuchukua vitatu vya kila aina tukavijaribu nyumbani.

Nilivigonga kwa kidole. Aina moja, nyepesi mkononi, ililia kama kikombe; nyingine, nzito zaidi, ikatoa sauti nene. Tukavipandanisha, tukaviacha juani, uani kwetu. Kufikia mchana vile vyepesi vilikuwa vimeshikana. Dada akavuta juu, nami nikashikilia chini, mpaka tukaanguka sote wawili tukicheka.

Kelele zikamleta jirani yetu, mama anayeongoza kwaya. Ana mwili mkubwa, na kwenye kila sherehe husimama mwanzo hadi mwisho. Siku zote nilidhani ni kwa sababu ya kwaya.

"Hivi vinaweza kubeba mutu?" aliuliza.

"Hiyo njo tunataka kujua, mama."

Akatazama barabarani. "Fungeni mulango kwanza."

Alianza na kile chepesi. Miguu ya kiti ikatanuka, akainuka upesi. Kisha akakalia kile kizito, polepole, mikono magotini. Akajisogeza kushoto, kulia, akaegemea. Akachungulia pembeni mwa paja lake.

"Ee! Naona majani chini yangu!"

Alikaa pale karibu saa nzima. Ndipo akatuambia kwamba kiti kiliwahi kumvunjikia kwenye harusi ya kaka yake, kule Nyangwe, na watu wakacheka mpaka waimbaji wakanyamaza. Tangu hapo hakukaa tena mbele za watu.

"Mbona hukutuambia, mama?" dada akauliza. "Sisi njo wenye viti."

"Mungeniuliza lini?"

Jioni hiyohiyo tulirudisha vile vyepesi na kuagiza vizito.

Siku ya harusi ya yule binti, wageni walivizunguka kabla ya kukaa. Mzee mmoja alipitisha kiganja juu ya kiti, kuhakikisha kwamba kipo. Mama wa kwaya alikaa safu ya pili, akapiga makofi akiwa ameketi. Lakini bibi mmoja akakataa kukaa. "Hii kiti inaonyesha mutu yote!" Akatandika kitenge chake, ndipo akakaa. Wa pembeni yake naye akatandika, na mwingine, na mwingine, safu kwa safu.

Bibi harusi alipoingia, akasimama mlangoni, akatutafuta kwa macho.

"Viti vyangu viko wapi?"

Siku hizi wateja wakishapenda viti vya kioo, swali linalofuata ni kama tuna vitambaa vya kuvifunika. Dada ameanza kushona.