Samaki Aliyekataa Kamba

Miaka ya foleni za sabuni ilikuwa imeisha. Maduka ya Musoma yalijaa kila kitu, ila sisi ndio hatukuwa na cha kuingia nacho dukani. Mwanangu wa kwanza alikuwa anashinda kwenye geti la kiwanda cha samaki na wenzake, wanangoja kuitwa, hawaitwi. Mimi nilikuwaga nafua na kupika kwa bosi wa kiwanda hicho hicho. Majina ya watu wote wa nyumba ile ninayo kichwani, hata la mbwa, lakini siyaandiki.

Sebuleni bosi aliweka sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani samaki mmoja aliyekuja naye kutoka Dar. Wa njano, ana mistari, mdomo mrefu kama wa ndege. Ziwa lipo pale chini, yeye kaleta wa baharini! Na huyo samaki hakuwa na shukrani. Kamba waliopanda ndege kumfuata, nimewakatakata vizuri, anawasogelea, anageuka. Nyumbani kwangu tulikuwa tunakula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Nilikuwa nayakaanga kwa mikono inayonuka kamba.

Bosi alipokwenda likizo aliniita.

"Mama, huyu asife. Nikimkuta mzima, kijana wako anaingia kiwandani."

"Kweli, baba?"

"Mimi nimeshasema."

Akaondoka, na samaki akaendelea kugoma. Tumbo likaingia ndani. Nikampa kamba, nikampa dagaa, hola. Jumapili nikaenda kanisani nikamwombea samaki, Mungu anisamehe. Ndipo nikauangalia ule mdomo vizuri: si wa kuokota, ni wa kuchokonoa. Kwetu Mugango bata tulikuwa tunawapasulia kome, wale wa magamba mawili wanaojificha mchangani, wanachokonoa wenyewe. Nikashuka ziwani, nikaokota, nikapasua, nikamtumbukizia na gamba lake. Akalizunguka. Akachungulia. Akachomoa nyama. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Basi ikawa kila asubuhi niko majini, sketi nimeikunja. Jirani yangu mmoja akifua alikuwa ananipigia kelele:

"We mama, siku hizi unafuga bata?"

"Ninaye mmoja, anakaa sebuleni."

"Mchinje tule!"

"Huyu ndiye ajira ya mwanangu, mwache."

Bosi aliporudi, samaki alikuwa na tumbo. Siku hiyo nilikuja na mwanangu, shati limepigwa pasi, viatu vya kuazima, nikamsimamisha kwenye mlango wa jikoni. Bosi aliinama kwenye kioo, anafurahi kama mtoto, nami nikamsimulia habari ya kome.

"Bosi, na kijana ndiyo huyu."

"Kijana gani?"

"Ulisema ataingia kiwandani."

"Aa. Mama, Ulaya wamesimamisha kununua. Tunapunguza watu, tutamwongezaje huyu?"

"Lakini ulisema, baba."

"Nilisema. Si unaona hali yenyewe?" Akarudi kwenye kioo. "Hebu mletee hao kome nione anavyokula."

Nikamletea. Mwanangu amesimama pale pale mlangoni, anamwangalia mama yake akilisha samaki.

Tulipokaribia nyumbani, Bweri, mwanangu akaniuliza:

"Kesho utakwenda tena?"

"Nikiacha tutakula nini?"

"Basi wewe mlishe yeye. Mimi naenda Bunda."

Alirudisha viatu vya watu, akaenda. Kule akawa mbeba marobota ya pamba, na pamba yenyewe ikawa siku ipo, siku haipo. Alikuwa anakuja mara moja moja. Kila akija, kabla hajaniuliza mimi nimeamkaje, anauliza, "Samaki hajambo, mama?" Anauliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, kama anayemuulizia mtu mzima wa watu. Afadhali angenitukana.