Sehemu Tupu

Cherehani mbovu haisikilizwi inapolia, husikilizwa inapokoma. Ndivyo Bi Sindano alivyofundishwa na baba yake, fundi wa cherehani kama yeye, na kwa miaka arobaini hakuna mteja aliyewahi kumwona akianza kazi kwa bisibisi. Hukanyaga pedali, huiacha mashine ikimbie, kisha huondoa mguu na kuinamisha kichwa. Gurudumu likisimama ghafla, mkanda umebana. Likijikokota na kuguna, kuna nyuzi zimejisokota chini ya bobini. Mteja akithubutu kufungua mdomo wakati huo, huonyeshwa kidole: subiri.

Kidole hichohicho kilijulikana vizuri hekaluni. Kila alfajiri, kabla ya kufungua kibanda chake, Bi Sindano aliketi kwenye mto wa mbele, chini ya kengele ya shaba, akaanza sala kwa ile sauti takatifu ambayo maandiko ya Wahindu yanasema imebeba ulimwengu mzima: Om. Watu thelathini, arobaini hivi, walimfuata. Ilipokwisha aliinua kidole, na ole wake aliyekohoa. Kimya kilikaa mpaka yeye aone kimetimia, ndipo kidole kikashuka na Om ya pili ikaanza.

Wageni walidhani anapumzika. Anapumzika! Alikuwa hajafika miaka kumi baba yake alipomweleza, mikono yake imejaa mafuta ya mashine, kwamba sauti ile, ukiivuta polepole, ina vipande vitatu: a, u, m. Mdomo ukiwa wazi kwa "a", huyo ni mtu aliye macho. Ikiviringika kuwa "u", ni mtu anayeota. Midomo ikifungwa kwa "m", ni usingizi mzito usio na ndoto.

"Halafu?" mtoto aliuliza.

Baba akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza tena, mpaka mtoto akanuna.

"Hiyo ndiyo ya nne," baba akasema hatimaye. "Haina herufi, haina kipimo. Zile tatu ni ngazi tu za kukufikisha hapo. Sasa mtu apande ngazi yote, akifika mlangoni ageuke arudi?"

Ilimchukua nusu ya umri wake kuyaelewa maneno hayo, na alipoyaelewa hakutaka mzaha nayo.

Kisha ukaja uvimbe wa koo. Madaktari hawakumzungusha: ama watoe kisanduku chote cha sauti, ama azike sauti na mwili pamoja. Akachagua kuishi. Mbele za watu hakutoa chozi, lakini siku mbili kabla ya kulazwa alijifungia chumbani akaimba Om mpaka ikakauka, akilia kama mtoto. Alirudi baada ya miezi mitatu akipumua kwa tundu shingoni, lililofunikwa kitambaa chepesi, na kibao cha kuandikia mkononi.

Aliyekuja kumpa pole ya kwanza ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyu hakuwahi kuona mkutano asiufungue.

"Shemeji, umetumika vya kutosha," alisema, amesimama mlangoni mwa kibanda. "Sasa ukae nyuma, upumzike. Na usiwe na wasiwasi, sauti yako ipo. Si tulikurekodi mwaka juzi? Tumenunua na spika."

Alipoondoka, binti yake Bi Sindano, mshonaji wa nguo za shule kwenye kona ya kibanda hichohicho, aliacha kushona.

"Mama, mwachie tu. Kweli, bila sauti utaongozaje?"

Hilo lilimchoma kuliko kisu cha daktari. Akaandika: Kesho twende wote. Binti akaguna. Ilikuwa miaka mingi tangu aipende sala kuliko usingizi.

Kesho yake spika ilikuwa imekalishwa juu ya mto wa mbele, imetandikiwa na kitambaa, eti nayo isipate baridi. Mama na binti wakaketi nyuma. Mwenyekiti akabonyeza kitufe, na sauti ya Bi Sindano ikajaa ukumbini. Moyo wake ulitaka kupasuka. Hakuwa ameisikia tangu siku ile ya kujifungia. Ilikuwa nzuri kuliko alivyokumbuka, nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Akafumba macho. Akainua kidole.

Om ya pili ikaikanyaga kisigino ile ya kwanza. Ya tatu ikaikanyaga ya pili. Watu walihema wakiifukuzia kama waliochelewa basi, na sala ikaisha kabla jasho halijawakauka.

Akamfuata mwenyekiti na kibao: Kimya kiko wapi?

"Aa, hicho!" Mwenyekiti alitabasamu kwa fahari. "Kulikuwa na sehemu tupu nyingi mno, shemeji. Fundi wa sauti akaziondoa zote. Watu sasa wanawahi kazini."

Sehemu tupu! Bi Sindano aliandika kwa nguvu mpaka chaki ikakatika: Zirudishe.

"Shemeji, tusivunjiane heshima. Anayeongoza lazima awe na sauti. Mto wa mbele si wa bubu."

Neno lilikwisha kutoka. Mwenyekiti akakohoa, akajifanya anapanga viatu mlangoni. Binti alilisikia, akaja akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Siku ya tatu Bi Sindano alifika wa kwanza. Aliishusha spika sakafuni na kuketi kwenye mto wake. Mwenyekiti alipoingia, alisimama, akatazama watu, akatazama mto. Kumvuta mjane wa kaka yake mbele ya kadamnasi hakuweza. Akapita pembeni, akainama, akabonyeza kitufe.

Sauti ikapanda tena. Bi Sindano aliiacha ipande. Aliisikiliza "a" yake, "u" yake, "m" yake mpaka mwisho, machozi yakimtiririka bila aibu, kwa sababu mtu ana haki ya kumuaga wa kwake. Kisha akachomoa plagi ukutani.

"Haya," mwenyekiti akasema, mikono kiunoni. "Sasa nani ataanza?"

Bi Sindano hakugeuka wala hakuandika kitu. Alikaa ameweka mikono magotini, mgongo umenyooka, na hakuna aliyeanza. Mtu akasogeza goti. Mwingine akatazama saa.

Ndipo Om ikatoka nyuma, sauti kavu, ya kutetemeka, iliyoanza chini mno. Alikuwa binti yake. Mama alitambua mkwaruzo ule mwishoni. Ulikuwa wa kwake. Safu ya pili ikaidaka, kisha ya kwanza, kisha ukumbi mzima, ikakua, ikafunga midomo, ikakoma.

Kidole kikapanda.

Kimya kikatanda. Kilichosikika ni pumzi tu, ikiingia na kutoka kwenye tundu la shingo yake, taratibu. Na mwenyekiti, aliyekwisha kuzoea mwendo wa mashine, akadakia Om ya pili peke yake, kwa sauti kubwa, kama jogoo aliyekosea saa. Ikamfia mdomoni. Mtu mmoja akacheka puani.

Bi Sindano aligeuza kichwa polepole, akamtazama kama anavyowatazama wateja wenye haraka. Kidole hakikushuka. Ilibidi kimya kianze upya, kwa ajili yake yeye, na watu wote wakakianza upya bila kunung'unika.

Mwenyekiti alikuwa amevuta pumzi tena, mdomo wazi. Akaufunga. Akaketi chini alipokuwa amesimama, akakitazama kidole, akangoja.