Maziwa ya Ukweni

Juma lililopita, katika zahanati moja ya mtaa wa Free Area, nilikaa karibu na kina mama wawili ambao hawakuwa wakiangaliana. Binti wa mmoja ameolewa na kijana wa mwingine huko Mau Narok, na kila akinywa maziwa ya ukweni tumbo linamvuruga.

"Mtoto wangu anawekewa kitu," mamake alisema, akiangalia ukuta.

Mama mkwe alikunja na kukunjua leso yake.

Daktari alitoka na msichana. "Hakuna sumu," akasema. "Tukiwa wachanga sote tunasaga maziwa vizuri. Wengine, sanasana jamii za wafugaji, wamerithi jeni inayofanya mwili uendelee hivyo hata ukubwani. Huyu hakuirithi. Apunguze maziwa tu, atakuwa sawa."

Mama mkwe alipumua kwa nguvu. "Rudia hapo pa sumu, daktari. Na uongeze sauti."

"Hakuna sumu, mama."

Mamake msichana aliinama, kisha akauliza polepole, "Sasa hii shida aliitoa wapi?"

"Kwenu wazazi."

Mama mkwe akampiga begani, akicheka mpaka akatoa machozi. "Kumbe aliyemwekea kitu ni wewe!"

"Na baba yake! Usiniachie peke yangu!"

Sote pale kwenye benchi tulicheka. Baba mtu, popote alipokuwa, alihukumiwa bila kusikilizwa. Nadhani angewaona wale wakwe wakiegemeana kwa kicheko, hangekata rufaa.